Kuhama Pemba kwenda Mjini Unguja bila ya kukatiza matibabu ya akili: mwongozo kamili

Mtu anayehama Pemba kwenda kuishi Mjini Unguja hupanga mengi: nauli ya boti, chumba, kodi ya miezi ya mwanzo, godoro, mtu wa kumpokea bandarini Malindi. Kliniki hukumbukwa mwisho, na mara nyingi hukumbukwa siku dawa zilipokwisha. Mwongozo huu ni wa anayetumia dawa za maradhi ya akili au za kifafa naye anahama, na pia wa aliyehamia mjini akiwa mzima kisha akaanza kujiona hayuko sawa. Anayetoka bara kuja Zanzibar atafuata njia hii hii.

Aghalabu aliyerudiwa na maradhi baada ya kuhama alipita katika pengo la wiki chache baina ya kliniki ya kwao na kliniki mpya. Pengo hilo lina hila yake. Siku za mwanzo bila ya dawa mtu huweza hata kujisikia vizuri zaidi: ule usingizi wa mchana umeondoka, mdomo haukauki, mikono imetulia. Anajiambia kuwa amepona. Dawa nyingi za akili hubaki mwilini siku kadhaa, nyingine wiki kadhaa, na maradhi nayo hurudi polepole, usingizi wa usiku ukitangulia kuharibika. Ikifika wiki ya tano au ya nane hakuna tena anayekumbuka vidonge. Lawama huenda kwa mwenye nyumba, kwa jirani, kwa husda ya kazini. Kila hatua hapa chini imewekwa kwa ajili ya kuliziba pengo hilo kabla halijafunguka.

Wiki nne kabla ya safari: barua

Nenda kliniki unayotibiwa sasa, iwe Chake Chake, Wete, Mkoani au kwengineko, mapema, wala usingoje miadi ya mwisho. Sema wazi: "Nesi, nahamia Mjini mwezi ujao. Naomba barua ya rufaa na dawa za kunifikisha." Barua ikiandikwa kwa haraka siku ya safari huwa mistari miwili, na daktari atakayeipokea hatapata cha kushika. Barua ya kufaa ina mambo haya: jina la maradhi kama lilivyoandikwa katika faili lako; mwaka ulioanza matibabu; kila dawa kwa jina lake la asili (la dawa yenyewe, si la kibiashara la kiwanda), uzito wa kidonge kwa miligramu, na mara ngapi kwa siku; dawa zilizojaribiwa zikashindwa, na kwa nini; mara ya mwisho kulazwa; vipimo vya damu kama vipo; na tarehe ya sindano ya mwisho kwa anayechomwa. Mwishoni pawe na muhuri, na namba ya simu ya kituo ili wa huku waweze kuuliza.

Dawa zilizoshindwa ndizo zinazosahaulika zaidi, na ndizo zinazomgharimu mgonjwa. Kama haloperidoli ilikukakamaza shingo na kukupandisha macho juu, na barua haisemi, daktari mpya anaweza kukuandikia hiyo hiyo kwa nia njema kabisa.

Piga picha barua, kadi au daftari la kliniki, na pakiti za dawa pande zote mbili. Mtumie picha hizo mtu mmoja unayemwamini. Karatasi hurowa, na simu huibiwa. Ni nadra viwili hivyo kupotea siku moja.

Jina la asili la dawa linahitaji uangalifu. Viwanda vinavyotengeneza dawa moja ni vingi, na kila kimoja kina jina lake la biashara, rangi yake na umbo lake. Mtu aliyezoea "kile kidonge cheupe kikubwa" akipewa cha njano hudhani amepewa dawa nyingine, akaacha. Mwengine hupewa ya jina la pili akanywa zote mbili, kumbe dawa ni moja, na dozi ikawa mara mbili. Nakili jina hilo la asili kutoka kwenye pakiti herufi kwa herufi, liwe kwenye kikaratasi ndani ya pochi.

Kuhesabu vidonge

Beba dawa za siku 45. Siku 30 ni za mwezi wa kawaida, na 15 ni za boti iliyoahirishwa, foleni, sikukuu, na siku ambayo dawa yako haikuwepo dirishani. Hesabu ni nyepesi: vidonge vya siku moja mara 45. Anayemeza fluoksetini ya miligramu 20 kidonge kimoja asubuhi anahitaji 45. Anayemeza karbamazepini ya miligramu 200 asubuhi na usiku anahitaji 90. Kliniki ikikupa za siku 30 tu kwa kuwa akiba yao ni ndogo, usigombane nao. Panga kufika kliniki ya Mjini ndani ya wiki mbili za kwanza.

Anayechomwa sindano ya muda mrefu, kama flufenazini, ambayo huchomwa kila baada ya wiki mbili mpaka nne, apange safari iwe siku chache baada ya sindano. Hapo anafika Mjini akiwa na nafasi ya kutosha kutafuta kituo.

Vidonge vikae katika pakiti yake ya asili. Unyevu wetu wa masika unaharibu dawa, na sodiamu valproeti khasa hunyonya maji hewani ikalainika ukiitoa kwenye karatasi yake mapema. Chumba cha kupanga chenye paa la bati lisilo na dari hupata joto kali mchana, kwa hiyo dawa usiziweke juu ya kabati karibu na bati. Ziweke chini, mbali na dirisha na mbali na jiko.

Anayekunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga (heroini), hali yake ni nyengine. Dawa ile hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na huduma yake Unguja ipo hospitali ya Kidongo Chekundu. Usipande boti mpaka kliniki yako iwe imezungumza na kliniki unayokwenda na ukajua siku na saa utakayopokelewa. Siku mbili tatu bila ya dozi zinatosha kumrudisha mtu kwenye unga. Na aliyekosa dozi siku kadhaa, kisha akanywa kiasi chake cha zamani kwa mara moja, yumo hatarini kupoteza maisha, kwani mwili umeshapoteza uzoevu.

Siku ya safari

Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linaloshushwa chini. Bahari ya Nungwi huchafuka, na wengi hununua vidonge vya kuzuia kichefuchefu. Vingi katika hivyo vinaleta usingizi. Ukivichanganya na amitriptilini au klopromazini unaweza kulala fofofo hata usisikie begi lako likichukuliwa, au ukainuka ukaanguka ngazini. Muulize nesi kabla ya safari. Kama unatapika sana baharini, meza dozi yako ya asubuhi muda wa saa mbili au zaidi kabla ya kupanda, au uicheleweshe mpaka ufike.

Wapo wanaoogopa boti kwa sababu inayoeleweka. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na Julai 2012 ikafuata MV Skagit karibu na Chumbe. Nyumba nyingi za Pemba zilipoteza watu. Moyo ukienda mbio na pumzi ikikata kila ukiliona gati, hiyo ni khofu inayotibika na inafaa kutajwa kliniki. Usinunue diazepamu, vidonge vya kutuliza, kiholela kwa ajili ya safari. Mwili huizoea upesi, na aliyeizoea akiiacha ghafla anaweza kupata degedege.

Wiki ya kwanza Mjini

Siku tatu za mwanzo, mambo matatu. La kwanza, jitambulishe kwa sheha wa shehia unayohamia, ukiwa na kitambulisho chako cha Mzanzibari mkaazi na barua ya sheha wa ulikotoka. Sheha hahitaji kuambiwa maradhi yako. Barua yake ndiyo itakayokufungulia milango mingine, na siku ya dharura yeye ndiye anayejua nyumba yako ni ipi. La pili, jua kituo cha afya kilicho karibu nawe kwa miguu. La tatu, nenda ukaulize siku ya kliniki ya afya ya akili, hata kama dawa bado unazo tele.

Pa kwenda ni wapi? Kidongo Chekundu ndiyo hospitali ya maradhi ya akili ya Zanzibar, na kwa aliyewahi kulazwa, anayesikia sauti, au mwenye dawa za sindano, ni vyema kwenda huko moja kwa moja na barua yake. Kwa mwenye sonona (huzuni nzito iliyo maradhi), wasiwasi au kifafa kilichotulia, unaweza kuanzia kituo cha afya cha karibu, hospitali ya Lumumba au Mnazi Mmoja, ukauliza huduma ya afya ya akili au upewe rufaa. Anayekwenda kufanya kazi hoteli za Nungwi au Matemwe aulizie Kivunge kwanza, na wa Paje au Jambiani aulizie Makunduchi, kabla ya kujipa safari ya mjini kila mwezi. Kliniki ya mbali huwa ndiyo ya kwanza kuachwa.

Tunajua jina la Kidongo Chekundu linavyotajwa mitaani, na ni haki kulisema jambo hili. Mtu huogopa kuonekana getini kuliko anavyoyaogopa maradhi yenyewe. Ukiwa na khofu hiyo, nenda asubuhi mapema, fuatana na mtu, na jua kuwa wengi waliokaa kwenye mabenchi yale wamefuata dawa za kila mwezi na saa nne watakuwa kazini. Ikiwa huwezi kabisa, anzia Mnazi Mmoja. Kuanzia popote ni bora kuliko kukaa nyumbani.

Mwenye bima, iwe ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, yaani ZHSF, au ya NHIF kutoka bara, aulize mapokezi kabla ya siku ya miadi kama kadi yake inapokelewa kwa dawa zake. Na weka fedha kidogo kando kila mwezi: dawa inaweza kukosekana hospitali ukalazimika kuinunua famasi. Uliza bei famasi mbili au tatu, hazifanani.

Siku ya kliniki: nini cha kusema

Fika mapema. Chukua barua, daftari, pakiti za dawa hata zilizo tupu, kitambulisho, na maji ya kunywa. Ukiweza, nenda na mtu anayeishi nawe, kwani yeye huona ambayo wewe huyaoni: kwamba unazungumza peke yako, kwamba unaamka saa nane usiku.

Sisi Waswahili tuna maneno mazuri ya maumivu ya ndani. Moyo mzito. Roho inanidunda. Kichwa kimejaa. Sina raha. Daktari ataelewa, lakini ili akuandikie dawa sahihi anahitaji hesabu. Kwa hiyo kila neno lifuatishe na muda na kiasi. "Moyo mzito, tangu wiki tatu, takriban kila siku." "Nalala saa sita, naamka saa nane, siupati tena usingizi." "Nilikuwa nakula sahani nzima, sasa vijiko vitatu." "Nimekosa kazi siku nne mwezi huu." Dakika kumi za kliniki hutosha ukija hivyo.

Sema na mambo haya, hata ukiona haya kuyataja: kama umefikiria kufa, kama unavuta bangi, unatafuna mirungi, unakunywa pombe au unatumia unga, kama uliacha dawa, na lini, dawa za kienyeji unazotumia, na kwa mwanamke, kama una mimba au unaitarajia. Valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na karbamazepini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Mambo hayo mawili hayawezi kungoja miadi ijayo.

Usitoke bila ya kujua manne: jina la dawa, itaanza kusaidia lini, ikikuletea shida ufanye nini, na tarehe ya kurudi. Dawa za sonona huchukua wiki mbili mpaka sita kuonesha kazi yake, na usumbufu, kama kichefuchefu au kutotulia, hutangulia kabla ya nafuu. Wengi huiacha dawa wiki ya pili, wamelipia taabu yote na hawakuonja faida.

Kwa aliyeanza kuumwa baada ya kuhama

Ukiwa mgeni mjini ni kawaida kukosa raha. Chumba hukijui, muezini wa msikiti wa jirani ana sauti nyengine, na hakuna anayekupigia hodi jioni. Upweke wa namna hii hupanda na kushuka: ukicheka na mtu barazani unapungua, ukizungumza na mama kwa simu unapungua. Baada ya mwezi mmoja au miwili huzoeleka.

Sonona haipungui hivyo. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo, takriban kutwa nzima, huna raha au huna hamu na kitu chochote ulichokuwa ukikipenda, na pamoja na hayo usingizi umeharibika, chakula hakipiti, nguvu zimekwisha, unajiona mzigo, au unafikiria kufa, nenda kituo cha afya. Usingoje wiki ya tatu ili kuhakikisha. Na kuna hali inayoonekana kama kheri: mtu halali usiku mbili tatu na hachoki, maneno hayashikiki, anatumia fedha zote, ana mipango kumi kwa wakati mmoja. Hali hiyo huhitaji daktari upesi kuliko huzuni. Wanaofanya kazi za hoteli zamu za usiku wawe waangalifu zaidi, kwani kukosa usingizi kunaichochea. Mwenye baipola, yaani maradhi ya kupanda hivyo na kushuka kwenye huzuni, au kifafa aombe zamu ya mchana, kwa barua ya daktari isiyotaja maradhi: "kwa sababu za kiafya asifanye kazi usiku" inatosha.

Mwanafunzi wa vyuo vya Tunguu au chuo kingine aulize ofisi ya washauri wa wanafunzi. Mwanamke au mtoto aliyefanyiwa ukatili ataanzia kituo cha Mkono kwa Mkono Mnazi Mmoja, ambako tiba, polisi na ushauri nasaha hupatikana pahala pamoja. Mtoto, au anayemhofia mtoto, anaweza kupiga 116.

Wenyeji wako, na kisomo

Wengi hufikia kwa jamaa: kwa ami, kwa shangazi, kwa dada aliyeolewa mjini. Mwambie mmoja tu katika nyumba, yule mwenye kifua. Maneno mafupi yanatosha: "Shangazi, mie natumia dawa kila usiku, na kila mwezi nakwenda kliniki. Ukiniona silali siku mbili, niambie, na nikikataa mpigie kaka." Hapo umempa kazi ya kufanya. Mtu mwenye kazi haropoki.

Kuhusu kisomo: aya zikisomwa na dua ikaombwa, moyo wa Muislamu hutulia, na hakuna daktari mwenye busara atakayekuzuia. Kisomo na vidonge havigombani. Kinachogombana na matibabu ni mganga au msomaji anayekwambia uache dawa ili "jini aseme", anayefunga mtu kwa kamba au mnyororo, anayepiga, anayemnyima mtu chakula, au anayetoa mchanganyiko wa majani asiotaka kuutaja. Ukisikia mojawapo, ondoka. Ukishakunywa dawa ya majani, mwambie nesi bila ya kuficha. Baadhi huingiliana na vidonge na kuharibu ini.

Ramadhani

Kwetu kufunga ni takriban saa 13 na ushei, mwaka wowote. Dawa ya mara moja kwa siku huhamia usiku bila ya shida kubwa. Ya mara mbili huenda futari na daku, kwa ruhusa ya daktari. Ya mara tatu haipangiki peke yako. Nenda kliniki mwezi wa Shaabani ikabadilishwe. Anayetumia lithiamu asifunge kabla ya kuzungumza na daktari: mwili ukikosa maji na joto letu hili, dawa hupanda katika damu mpaka ikawa sumu. Dalili zake ni kuharisha, kutetemeka kwa nguvu, kupepesuka na ulimi kuwa mzito, na hapo ni hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye kifafa ajihadhari na kukesha mpaka daku. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyengine, na ruhusa hiyo imo ndani ya Qur'ani yenyewe.

Usiku wa dharura

Ukiona mtu anazungumzia kufa, anagawa vitu vyake, anaaga, muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hili halimpandikizi fikra, humpa nafasi ya kupumua. Usimwache peke yake hata dakika za kwenda kuchota maji. Dawa zote za nyumba, zake na za wengine, zishikwe na mtu mmoja, na kamba, visu na sumu za panya zitolewe nje. Kisha hospitali iliyo karibu, mapokezi ya dharura, saa yoyote. 112 ni namba ya dharura ya polisi.

Aliyechafukwa, anayepiga kelele au asiyetambua watu, azungumzwe na mtu mmoja kwa sauti ya chini, wengine warudi nyuma. Umati ndio unaomtia khofu zaidi. Fuataneni watu wawili au watatu anaowajua, bebeni dawa na daftari lake, mwambieni ukweli wa mnakokwenda. Ukimdanganya kwamba mnakwenda harusini, mara ya pili hatapanda gari.

Unaporudi kwa sikukuu

Weka dawa za siku zote utakazokaa Pemba na kumi za ziada, maana boti za sikukuu hujaa na watu hukwama. Kama miadi yako ya Mjini inaangukia siku ambazo hupo, iombe iwe mapema, kabla ya safari, usiicheleweshe. Kliniki yako ya zamani ipitie ukiwa huko, uwaambie umepokelewa wapi na dozi imebadilika vipi, wakaandike katika faili lako, ili siku utakayohitaji kurudi kuishi nyumbani usianze kuhadithia upya tangu mwanzo.